Mizinga Isiyoona Moto

Jiko la kuni tumeliacha lilale.
Leo kazi ni ya kinu cha chuma, kimekazwa ukingoni mwa meza,
kinatafuna jozi za mti wa nyuma ya banda
na biskuti kavu, nusu kilo,
kinatema unga wa rangi ya udongo uliokosa mvua.

Karatasi ya mama ina doa la siagi palipokuwa na jina lake.
Sukari laini, gramu mia mbili.
Siagi, ilegee kama shavu la mtoto aliyelala.
Kakao, vijiko vitatu vya kujaa.
Ramu: kiasi.

Kiasi.
Mama aliyepima kila kitu, hata chumvi ya mayai,
hapo aliandika neno ambalo mumewe
aliishi naye miaka thelathini na minne asilijue.

Baba ameketi dirishani, mikono mapajani.
Nje theluji ya Moravia inashuka bila haraka,
kama mtu asiye na deni.
Huu mwaka wa tisa hajaonja.
Hatuihesabu kwa sauti.
Yeye huihesabu kwa kuni: kila tarehe sita Februari
anapasua gogo moja, halichomi,
analilaza ukutani mwa banda juu ya la mwaka jana.

Basi nimetenga masinia mawili.
La bluu ni la ramu, la wageni, na la shangazi Bohdana
alaye matano mazima akaapa ni mawili.
La kijani lina maji ya chungwa na chai iliyokolea:
la baba, na la Apolenka mwenye miaka sita.

Kalibu ni ya mti wa peasi, vipande viwili vinavyokumbatiana.
Unainyunyizia sukari. Unashindilia donge kwa kidole.
Unatoboa tumbo kwa mpini wa mwiko,
unajaza krimu ya kiini cha yai, unaziba kwa kibiskuti cha duara,
unagonga, na mzinga unaanguka kiganjani,
mdogo kama kidole gumba, hauna nyuki, hauna mlio.
Sabini na miwili. Mgongo wangu uliihesabu wote.

Simu ikaita. Niliporudi
Apolenka alikuwa ameipanga upya juu ya kitambaa kimoja cheupe,
yenye shingo iliyopinda pamoja, mifupi na mifupi.
"Nimeipa ndugu zake," akasema.

Nikasimama na masinia mawili matupu.
Nikaonja mmoja, nikaonja wa pili; ulimi
ulikwishalewa utamu tangu asubuhi, haukuwa shahidi wa kuaminika.
Nikafikiri: nitupe yote. Jozi zote zile.

Ndipo kiti cha dirishani kikalia.
Baba akaja, akavua miwani
kana kwamba macho yangemchelewesha,
akaweka mikono nyuma, akafumbata kwa mkono huu kifundo cha ule,
akainama.

"Huu. Huu. Huu siyo.
Huu siyo. Huu."

Nikawa nahamisha, bluu, kijani, bluu,
bila kuuliza, bila kumtazama usoni.
Harufu ni mlango ambao yeye aliupigilia misumari
na sasa alikuwa akiupitisha pua kwenye nyufa, ufa kwa ufa,
kwa ajili ya watoto wale vitamu kwa amani.
Kwenye wa sitini na kitu akakawia.
"Hapa mkono wako uliteleza. Umetia mara mbili."
Nikakumbuka. Kweli uliteleza.

Alipomaliza alinawa mikono isiyogusa kitu,
akanawa tena, akavaa koti na kutoka.

Nikapeleka la bluu stoo kwenye baridi, siku tatu,
ramu isambae ipate kutulia.
Apolenka akauliza kama babu haipendi mizinga.
Nikamtia mmoja wa kijani mdomoni.

Kutoka bandani tukasikia shoka, mara moja tu,
na gogo likitengana.
Ilikuwa Desemba.